Pudingi Ambayo Oneta Hakuimeza

Oneta Sipes aliolewa na Arvil akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Vuli ile ile mama mkwe wake, Bi Hester, akampa ndoo na kumwonyesha mti wa matunda uitwao mpasimoni, ulio nyuma ya banda. Huku kwetu kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani, mapasimoni hayachumwi. Ukiyachuma mapema yana ukakasi wa kukunja ulimi, kwa hiyo unayangoja yaanguke yenyewe, yakiwa laini na yamepasuka, na mara nyingi nyigu wamekutangulia. Oneta aliinama akaokota la kwanza. Likamfumukia kiganjani, ute ukatiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, na katikati ya ule ute funza akajipindua. Oneta akazunguka nyuma ya banda akatapika.

Habari zikafika ndani kabla yake. Ukoo mzima ukafurahi, wakidhani bibi harusi ana mimba. Mimba haikuwepo, wala haikuja kupatikana baadaye, na tangu siku ile Oneta hakuweza kulitazama tunda lile bila kugeuza uso.

Bi Hester alipofariki, kazi ya pudingi ya Krismasi ilimwangukia yeye. Hakuna aliyemuuliza. Kila vuli aliokota, akasugua matunda kwenye chujio mpaka ngozi na kokwa zikabaki juu na rojo ya rangi ya kutu ikadondoka chini, akaihifadhi kwenye friza. Krismasi ilipokaribia aliichanganya na mtindi, mayai na mdalasini, akaioka mpaka ikawa nyeusinyeusi na kubonyea katikati. Watu waliisifu kanisani. Yeye aliniambia, mimi jirani yake wa ng'ambo ya barabara, kwamba akiiona inatetemeka kwenye sinia anakumbuka mfereji uliozibuliwa.

Mezani alijipakulia kama wengine, akaifunika kwa krimu, kisha Arvil akimaliza yake wakabadilishana sahani kimyakimya. Arvil alikula mbili kila mwaka na hakumwambia mtu. Ndivyo alivyokuwa. Baba yake alipokufa, yeye ndiye aliyeacha shule akaingia machimbo ya mawe ili dada yake mdogo, Lavonne, apate kula na kuvaa. Hilo nalo hakulitaja.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukalala, mdomo ukapinda, maneno yakampotea yote ila akili ikabaki. Chakula kigumu kilimpalia. Oneta alijaribu uji, viazi vya kuponda, mayai. Alichokimeza kwa furaha kilikuwa kimoja tu, ile pudingi. Basi akawa anaioka kila wiki, akiwa amejifunga kitambaa puani, na kumlisha kijiko kwa kijiko. Nusu iliingia, nusu ilirudi na mate ikashuka kidevuni.

Krismasi ya mwaka ule ilikuwa kwa Lavonne, kwenye nyumba yao mpya yeye na mumewe Dwayne. Theluji ilikuwa nyingi na Oneta haendeshi gari kwenye theluji, kwa hiyo niliwapeleka mimi. Alibeba masinia mawili ya pudingi. Moja tukaliacha kwenye gari.

Nyama ya nguruwe ililiwa vizuri, kwa kelele na vicheko. Ilipopakuliwa pudingi, Oneta akaanza kumlisha Arvil. Rojo ikamdondoka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Mjukuu mmoja wa Lavonne akasukuma sahani yake na kuziba mdomo.

"Shemeji," Dwayne akasema, "mzee leo anatupakia rangi meza."

Wakacheka, si wote, lakini wa kutosha. Lavonne akamwinamia Oneta na kumwambia kwa sauti ya upole kwamba amemwandalia kaka yake mahali kwenye chumba cha kufulia, atatulia zaidi huko.

"Ametulia hapa hapa," Oneta akasema.

"Watoto wanashindwa kula, wifi. Si unaona mwenyewe?"

Nilidhani Oneta angekataa. Aliinuka tu, akasukuma kiti cha magurudumu, nami nikamfuata na sahani. Kile chumba kilinuka soksi chafu na chakula cha mbwa, bakuli lake likiwa pale pale sakafuni, nyama ya kopo imekauka kandokando. Palikuwa na stuli moja. Arvil aliukunja mkono wake wa kulia, ulio mzima, na kujifunika uso. Oneta akaushusha taratibu, akachota kijiko, akaendelea kumlisha, huku vicheko vikitufikia kupitia mlangoni.

Hazikupita dakika nyingi Lavonne akachungulia. Hakumtazama kaka yake. Aliuliza kama lile sinia la pili liko kwenye gari, maana watu wanataka kuongeza.

Oneta aliweka kijiko chini. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Tangu niolewe kwenu sijaimeza pudingi yenu hata mara moja. Inanitia kinyaa. Matunda yake nayaokota nimeziba pua, nayasugua huku natapika. Nimeipika miaka yote hii kwa sababu kaka yako anaipenda."

"Mbona hukusema?"

"Nasema sasa. Na ujue, haijawahi kunitia kinyaa kama ulivyonitia wewe leo."

Lavonne alilitazama bakuli la mbwa. Mwishowe akasema, "Lakini ni Krismasi, wifi."

"Najua. Ndiyo maana tulikuja."

Tukamvalisha Arvil koti, tukatokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyetufuata nje. Garini Arvil alilia njia nzima, bila sauti, na Oneta alikaa naye kiti cha nyuma akiwa amelipakata lile sinia la pili.

Dwayne alitangaza kinyozini kwamba mke wa Arvil amechanganyikiwa. Mwezi uliofuata Lavonne alileta paja la nguruwe la kuokwa, akasimama kizingitini huku theluji ikimwangukia mabegani. Oneta alilipokea, akashukuru, akafunga mlango. Lile paja alinipa mimi; alisema hawezi kuliweka mezani kwake.

Arvil aliishi Krismasi mbili zaidi, nasi tukazila pale kwao, watatu. Siku moja nilimsifu Oneta kwa moyo wake, nikamwambia kwamba upendo umemzoesha.

"Haunizoeshi kitu, dada," akanijibu, akiwa anamfuta mumewe kidevu. "Kila siku nasikia kinyaa. Lakini huyu ni mume wangu, nitamweka wapi?" Arvil alisikia. Nusu ya mdomo wake ilicheka.

Tulimzika majira ya kuchipua. Lavonne alikuja na shada kubwa kuliko yote, akaketi safu ya mbele karibu na wifi yake, akalia kwa sauti mpaka mchungaji akanyamaza kumsubiri. Alipomwegemea begani, Oneta alichukua mkoba wake na kuhamia kiti cha pili.