Mwaka wa Yanga na Samaki Aliyefumba Mdomo

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu. Ulikuwa mwaka wa ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, wenye harufu ya gunia, ukiusonga unakatikakatika kama udongo wa kichuguu. Mboga ilikuwa mlenda asubuhi, mlenda jioni, na dagaa siku ziwa likikubali. Mtu wa rika langu kule mwambao ukimwambia "mwaka wa yanga" hakuulizi mara ya pili. Anasonya tu.

Nimeukumbuka wiki hii, hapa kwangu Ilembo, mjini Mpanda, nikibadilisha maji ya tangi langu la kioo. Ndiyo, mimi, bibi wa wajukuu tisa, niliyeishia darasa la tatu, nafuga samaki wa mapambo sebuleni. Naoanisha dume na jike nikitafuta rangi, na watu wanatoka Kashaulili na mbali zaidi kuja kuchukua vifaranga vyangu. Anayecheka acheke. Nilikojifunzia mimi hakukuwa na umeme wala pampu ya hewa.

Nilikulia kwa bibi yangu mzaa mama, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Karema. Chumba chetu cha mbele alikaa mwalimu wa shule. Sasa huyo mwalimu, vioo vilivyobaki shule ilipojengwa hakuvitia dirishani kama wenzake. Aliviunga kwa lami, akapata sanduku, akalijaza maji, akatia samaki. Tena si wa kula. Ni wale wadogo wa kwenye mawe, urefu wa kidole, wanaokwangua ukijani wa jiwe kutwa nzima. Upande mmoja wa ghuba yetu walikuwa weusi wenye mkanda mwekundu kiunoni. Upande wa pili weusi wenye mkanda wa njano. Mwalimu alitaka kuwaozesha, aone watoto watavaa nini.

"Mwanaume mzima," bibi alikuwa akisema, "mwenyewe hana mke, anatafutia samaki."

Kazi ya maji ilikuwa yangu. Kila asubuhi madebe mawili kutoka ziwani, maana maji ya kisima samaki wale hawakuyataka, na sanduku lenyewe lilivuja, sakafu ya chumba kile haikukauka hata siku moja. Jua likiwaka lami ilinuka mpaka jikoni. Nilipenda harufu ile kuliko ya chakula, na chakula chenyewe nimekwisha kukwambia kilikuwa nini.

Mwalimu alinifundisha kuoanisha. Usiwatupe pamoja tu, watauana. Weka kipande cha wavu katikati, dume huku, jike huku, halafu kaa utazame. Siku dume akija kwenye wavu akatetemesha mwili wote kama mcheza ngoma, na jike asikimbie ila asogee, hapo toa wavu. Mpaka leo nafanya hivyo hivyo.

Jike wetu alikuwa wa mkanda mwekundu, dume wa njano. Alitaga, akayaokota mayai yote kwa mdomo, akafumba. Hakula tena. Mashavu yakavimba, tumbo likaingia ndani. "Muache," mwalimu aliniambia. "Anawalea humo humo." Kisha akaondoka kwenda Mpanda kufuata chaki na madaftari, safari ya siku nyingi enzi zile, akaniachia sanduku.

Wiki ya tatu niliona kitoto kimechungulia mdomoni. Kesho yake vikatoka viwili vitatu, vidogo kama punje ya mtama, vikawa vinaelea mbele ya mama yao. Nikawa nimechuchumaa, nimesahau hata kuwasha moto. Ndipo mama jirani akaingia kuomba kaa la moto. Kivuli chake kikaangukia kioo. Samaki akashtuka, akafungua mdomo, akavikusanya vyote, kwap!

Mama jirani akapiga ukelele. "Amewala! Jamani, njooni! Anakula watoto wake mwenyewe!"

Wewe fikiri. Mwaka wa njaa, watoto wamevimba matumbo, kisha ndani ya nyumba ya mtu kuna mama anayekula wanawe. Watu walijaa kabla sijasimama. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja na fimbo yake, yule yule aliyekuwa anagawa unga wa msaada. Akainama, akatazama, akasimama.

"Mama," akamwambia bibi, "hiki kitu ndicho kinachotuletea balaa. Kimwageni nje sasa hivi. Msipokimwaga, zamu hii unga kwenye nyumba hii hakuna."

Bibi akanitazama. Nyumba yetu tulikuwa sita, na kwenye chungu kulikuwa na unga wa siku mbili. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikuwa nimebeba maji ya yule samaki siku zote zile, na nilijua kilichokuwemo mdomoni mwake. Nikajibandika kwenye kioo kwa mgongo, nikasema:

"Simtoi. Atafungua mdomo mwenyewe siku yake ikifika."

"Toka hapo, mtoto! Unabishana na wakubwa kwa ajili ya dagaa?" balozi akafoka.

"Siyo dagaa. Na nyie ndio mnaomtisha. Kaeni chini mnyamaze, mtaona."

Nilitegemea kofi la bibi. Halikuja. Bibi alivuta kigoda chake mpaka mlangoni, akakaa, akakunja mikono. "Mmemsikia," akasema. "Kwangu anayesimama ni mgeni mbaya. Kaeni."

Wakakaa! Watu wazima, kwenye sakafu yenye maji, balozi na fimbo yake magotini. Kimya mpaka unasikia kuku uani akiparua. Sijui ilipita muda gani. Nami nilikuwa nimegeuka, nimechuchumaa kando ya kioo, miguu imekufa ganzi. Kisha yule samaki akashuka kwenye kokoto, akafungua mdomo polepole, vikaanza kutoka. Kimoja. Viwili. Nikavihesabu kwa sauti mpaka kumi na kimoja, na kila kimoja kilikuwa kizima.

"Kumbe alikuwa anawaficha," mama jirani akanong'ona, akashika mdomo wake mwenyewe.

Usidhani balozi alituomba radhi. Mtu yule aliinuka, akapangusa suruali iliyolowa matakoni, akatoka. Zamu ile unga wetu haukuja. Tulikula mlenda mtupu na mizizi ya kuchemsha, wadogo zangu walilia, na bibi hakuninyooshea kidole hata siku moja. Mwalimu aliporudi, vifaranga vilikuwa vimekua. Baada ya miezi mikanda ikatokea: si myekundu wala ya njano, ni ya rangi ya papai lililoiva. Mama jirani alikuja kila jioni kuitazama, anakaa chini bila kuambiwa.

Leo mwalimu hayupo, alihamishwa, sikusikia habari zake tena. Bibi tumemzika. Mawe ya ghuba yetu nilikwenda kuyaona mwaka jana. Tope la mashamba limeyafunika, nikakaa kutwa nisione hata mkanda mmoja. Rangi ile ya papai iko hapa sebuleni kwangu tu, nimeitafuta upya miaka mingi, jozi baada ya jozi.

Na juzi kijana mmoja wa Kashaulili, mteja, akasimama mbele ya tangi, jike wangu amevimba mashavu. "Bibi," akasema, "mtoe bwana, umbane mdomo vifaranga vitoke, nisepe navyo leo. Siku hizi watu hawasubiri. Wenzako wote wanawakamua."

"Wenzangu gani?"

"Usiposhtuka nahamia kwao, bibi yangu. Sirudi hapa."

Nikavuta kiti, nikakiweka kati yake na kioo, nikakaa.

"Simtoi. Atafungua mdomo mwenyewe siku yake ikifika."