Tezi Iliyokula Mifupa ya Mbula

Mbula wa Mitaboni alivunjika mkono akiinua ndoo ya maziwa. Hakuanguka wala hakupigwa. Mfupa ulikatika tu kama bua la mtama. Ulikuwa mwaka wa 1999, naye alikuwa na miaka arobaini na sita. Baadaye ubavu nao ukavunjika, kwa kikohozi.

Mbula ndiye aliyeongoza nyimbo za mwethya, kikundi cha wanawake waliochimba matuta shamba hadi shamba. Wenzake hawakumtupa. Walimletea supu ya mifupa, maziwa, hata vidonge vya kalsiamu. Alimeza vyote, na kiu ikamshika, mawe yakamjaa kwenye figo. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Ni wangapi wamezikwa na neno hilo, kwa kukosa kipimo kimoja tu cha damu?

Mjini Machakos, daktari kijana aitwaye Maundu alimpima.

"Mwaitu, mama yangu, acha vidonge. Damu yako imejaa kalsiamu."

"Imejaa, na mifupa inavunjika?"

"Inatoka huko kwenye mifupa. Hapo shingoni kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele. Ndizo huiamuru mifupa itoe kalsiamu. Yako moja imevimba, haijui kutosheka."

Alimtuma Nairobi, kwenye mashine ya kupima uimara wa mifupa. Majibu yalisema ana mifupa ya bibi wa miaka themanini. Tezi itolewe. Lakini mshipa wa sauti unapita papo hapo. Ukiguswa, huenda sauti isirudi.

"Basi nivunjike nikiimba," Mbula alimwambia rafiki yake Munyiva.

"Utaimba ukiwa gunia la vijiti? Nani atakubeba? Mimi mgongo wangu umechoka!"

Walicheka mpaka ubavu ukamuuma. Wiki iliyofuata akakubali kupasuliwa, hukohuko Machakos.

Alipoamka, shingo ikiwa na bandeji, hakuthubutu kujaribu sauti. Siku mbili alijibu wauguzi kwa kichwa. Siku ya tatu, mchana, midomo ilimfa ganzi, kisha vidole vikajikunja vyenyewe, vikakataa kunyooka. Munyiva alikuwa ametoka kununua chai.

"Nesi! Nesi, mikono yangu!"

Wadi nzima iligeuka. Nesi Nduku akaja mbio, Maundu nyuma yake, wakamtundikia dripu.

"Usiogope," Maundu alisema. "Mifupa ilikuwa na njaa. Sasa inajirudishia kilicho chake, damu ikapungukiwa. Leo ndiyo unahitaji kalsiamu, na maziwa uyanywe."

Vidole vikafunguka polepole. Hapo ndipo Mbula alipotambua kilichotokea.

"Nimeita," alisema. "Mmenisikia?"

"Hata walio barabarani wamesikia," Nduku akamjibu.

Mbula akalia. Kisha akaanza kushukuru: Nduku, Maundu, aliyemtoa damu, mpishi wa uji, Munyiva aliyesimama mlangoni na chai.

"Mwaitu, nyamaza sasa, koo lipone."

"Nimenyamaza siku mbili, daktari. Yule aliyenisukuma kwa kitanda hadi kwenye upasuaji anaitwa nani? Bado sijamshukuru."