Kadibodi Chini ya Gari la Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Kadibodi, naye akaitika. Gari likiingia gereji yake halifunguliwi boneti kwanza, hata mwenyewe awe na haraka ya namna gani. Analitandikia kadibodi safi chini, analiacha litulie, kisha anapiga magoti na kusoma madoa. Doa jeusi, oili ya injini. La kijani, maji ya rejeta. Jekundu, tena upande wa pampu, hayo ni mafuta ya stelingi na ubishi umekwisha. Mafundi wengine walimcheka. Wacheke tu! Magari yaliyowashinda waliyaleta kwake kimyakimya.

Alikaa chumba na sebule nyuma ya gereji. Mkewe alitangulia zamani. Mwanawe wa pekee alifuata miaka miwili iliyopita, homa ya siku nne tu, akaacha mke, binti mdogo na gari moja la bluu. Tangu hapo mzee alipika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu watano, akala huku redio ikiongea peke yake. Upweke ulimkaba, na hakumwambia mtu. Mdomo wake ulikuwa mzito kwa kila jambo lisilo na skrubu.

Jumamosi moja mkwe akaingia na lile gari la bluu, mtoto kiti cha nyuma.

"Shikamoo, Baba. Stelingi inalia nikikata kona."

"Marahaba, mama. Liache hapo, tukanywe chai."

Walipotoka kwenye chai, kadibodi ilikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kisahani. Mzee akajisukuma chini ya gari, akafuta kwa tambara, akaangaza tochi. Mara moja akaliona tatizo: mpira unaorudisha mafuta kwenye pampu ulikuwa umekauka na kupasuka pale kibano kinapoubana. Kazi ya nusu saa. Mpira mpya ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ukutani kwake, tena saizi ileile.

Akatoka chini, akapangusa mikono polepole kuliko kawaida. Mjukuu alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu anaimbia nati zilizokuwa ndani ya kopo.

"Nimekuongezea mafuta," akasema. "Ila njoo Jumamosi ijayo nilitazame tena. Gari hili linataka subira."

Mzee mzima, uongo mkavu namna hiyo! Msimcheke, lakini msimtetee pia. Mkwe akaja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, miezi mitano mfululizo. Kila mara mzee alikaza kibano kidogo, akajaza mafuta mpaka mstarini, akaacha ufa palepale ulipo. Alinunua kikombe chenye mkono mkubwa ili mtoto asiungue. Ijumaa jioni alifagia gereji nzima, akanyoa ndevu. Alikuwa na furaha, na kila macho yalipoangukia ule mpira ukutani aligeuka upande mwingine.

Jumamosi ya mwisho mkwe alichelewa. Alishuka akaacha mlango wazi.

"Stelingi imekuwa nzito ghafla pale kwenye kona ya shule. Nimevuta, haiji. Tumepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, tukasimama hatua moja kutoka ukutani. Mtoto alikuwa nyuma, Baba."

Kadibodi akashika nguzo ya mlango.  Safari hii hakutandika chochote, wala hakutaja chai. Alikwenda moja kwa moja ukutani akautungua mpira.

Akatoa ule wa zamani, akafunga mpya kwa vibano viwili, akamimina mafuta. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akamwomba mkwe akae kwenye usukani ili kuondoa hewa.

"Kushoto mpaka mwisho. Kulia mpaka mwisho. Rudia. Haya, washa injini, tena polepole."

Mapovu yalipanda kwenye kikopo cha mafuta, yakapungua, yakaisha. Hapo, boneti ikiwa imemficha uso, mzee akapiga moyo konde.

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua nini, Baba?"

"Mpira. Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Nilitaka mje."

Mkwe akazima injini. 

"Kwa hiyo ukatuacha tuendeshe hivihivi? Mtoto wangu? Damu ya mwanao?"

Mzee akafunga boneti. Akalishusha gari, na kwa mazoea tu akatandika kadibodi, wakasubiri bila kutazamana. Halikudondoka hata tone moja. Mkwe akampandisha mtoto, akafunga mkanda, akashika mlango.

"Ungesema tu 'njooni', Baba. Neno moja. Tungekuja."

Gari likaondoka, likakata kona bila kulia.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Ya pili vilevile. Ya tatu mzee alijikuta anaosha kile kikombe ambacho hakikunywewa, akakiweka, akachukua simu. Alikuwa amelifanyia mazoezi lile neno tangu asubuhi, akilitamka mbele ya benchi la kazi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Haloo, Baba. Shikamoo." Sauti ya mkwe haikuwa na hasira. Nyuma yake mtoto alikuwa anaimba.

"Marahaba. Stelingi ikoje?"

"Nyepesi kabisa."

"Hailii?"

"Hailii, Baba."

 Mkwe hakukata simu. Alisubiri, na mzee alijua kwamba anasubiri.

"Kuna jingine, Baba?"

Akautazama msumari mtupu ukutani.

"Hapana," akasema. "Uwe unakagua mafuta."