Alexis Alikuwa Msichana Juu ya Mzani Wangu

Mwezi wa nane, Alexis alikuwa mvulana. Nina uhakika, maana alinikojolea mkono.

Mwezi wa kumi, nilipomvua pampasi juu ya mzani, Alexis alikuwa msichana.

Fishi ileile, kadi yake ya kliniki. Mama yuleyule. Mtoto siye.

Naitwa Syntiche. Ni muuguzi wa watoto kwenye kituo kidogo cha afya huku Naviundu, Lubumbashi. Kila Jumatano ni siku ya kilo: tunapima watoto, tunachanja, tunaongea na kina mama. Wanakuja wa kila kabila, na kila mmoja na Kiswahili chake.

Siku hiyo ya mwezi wa kumi walikuwa watoto tisini na kitu. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, nikabaki peke yangu. Miguu imevimba, viatu vinabana. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata salamu naiona kazi.

Mama mwenyewe anaitwa Constance. Familia ya Kikatoliki kutoka Kabalo, baba mkwe wake alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Mama mpole, hapigi kelele kwenye foleni.

Sasa ngoja nikiri jambo.

Mwezi wa nane, Alexis alikuwa na kilo nane na nusu. Mwezi wa tisa, kilo sita na gramu mia mbili. Mtoto kupoteza kilo mbili kwa mwezi mmoja ni hatari. Nilipaswa kusimamisha kila kitu pale pale.

Sikusimamisha. Hata nguo sikumvua. Nilimpima hivyohivyo, nikamchoma chanjo ya surua, halafu nikamgeukia mama yake mbele ya watu wote.

"Mama Alexis, unamulishaka nini huyu mutoto? Mupepo?"

"Pardon, Madame."

"Pardon hainenepeshe mutoto! Akishuka tena, mwezi yenye kuya nitamuandika kwa chakula ya dawa, ile ya pakiti."

Watu wakacheka. Constance akainamisha kichwa.

"Mwingine!" nikaita.

Ndiyo maana mwezi wa kumi niliamua kumvua nguo zote. Kwanza nikazungusha ule utepe wa kupima mkono. Nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Mkono kama kijiti. Halafu nikafungua pampasi.

Nikakodoa macho. Nikaangalia fishi. Nikamwangalia Constance.

"Huyu ni nani?"

Alimnyakua mtoto, akachukua na fishi, akatoka karibu anakimbia.

Nilipomweleza Sylvain, mkuu wa kituo, hakutaka maneno mengi. "Hiyo ni wizi ya mutoto. Tunaita polisi."

"Acha kwanza niende mimi," nikamwambia.

Mwizi wa mtoto hamleti kupimwa kilo. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Avenue, yaani mtaa wao, na namba ya nyumba vilikuwa kwenye daftari letu. Saa tisa alasiri nikatoka na blauzi yangu nyeupe ya kazi, miguu inaniuma.

Kitu cha kwanza nilichokiona uani ni Alexis. Alexis mwenyewe, mnene, amekaa kwenye vumbi anatafuna kijiko.

Constance alikuwa anafua. Aliponiona, mikono ikabaki ndani ya maji.

"Madame, musiite polisi. Ule mutoto haiko wa kuiba. Ni wa Mama Dorcelle, anapangaka nyumba ya nyuma."

Mama Dorcelle akatokea mlangoni na yule mtoto wa mzani, Dorcelle, kifuani. Jina lake mwenyewe Émerance, wa kabila la Wanande, walikimbia vita pande za Beni. Mume wake, Paluku, anasafiri na malori ya mizigo ya mpakani Mokambo, wiki nzima hayupo. Maziwa yake yalikatika njiani, kabla hawajafika Lubumbashi. Mtoto anaishi kwa uji mwepesi.

"Sasa kwa nini haumulete weye mwenyewe?" nikamuuliza.

Akamwinamia mtoto.

Constance akamjibia. "Alikuyaka, Madame. Mwezi wa tano. Balimufukuza."

Damu ikanichemka. "Nani? Munitajie jina! Leo hii ninamupeleka kwa Sylvain!"

Émerance akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Ni weye, Mama."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nilikuya bila fishi," akasema polepole. "Ilibakia kule, nyumba ilichomwa. Ukaniambia, rudi kwenu ulete fishi, hapa haiko kambi ya wakimbizi. Batu bakacheka. Nikaenda."

Nilitafuta ile siku kichwani. Nikatafuta uso wake. Hakuna. Alibeba maneno yangu miezi mitano, na mimi sikumbuki hata kama nilimwona.

Nikakaa chini, palepale kwenye vumbi. Nililia, sitaficha.

Halafu likanijia jambo jingine, machozi yakakauka. Ile chanjo ya surua ya mwezi wa tisa niliiandika kwenye fishi ya Alexis. Aliyechomwa ni Dorcelle. Na wiki ile surua ilikuwa imeshafika avenue ya pili kutoka kwao.

"Mama Alexis, mutoto wako hana chanjo! Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulimuachilia mwenzake?"

"Alexis iko na nguvu, Madame. Dorcelle hakukuwa na nguvu ya kungoya."

Nilimtukana mama huyu mbele ya watu kwamba hajui kulea. Kumbe alikuwa anameza matusi yangu ili mtoto wa jirani apate zile pakiti.

Tulitoka wote jioni ileile kwenda hospitali, kina mama wawili na watoto wawili. Dorcelle alilazwa hospitali siku tisa. Usiku wa tatu daktari alituambia tujiandae, lakini yule mtoto alikataa kufa. Alexis nilimchanja asubuhi iliyofuata, na surua haikumgusa. Dorcelle nikamfungulia fishi yake mwenyewe, jina lake, jinsia yake, kila kitu.

Leo anatembea kwa kushika viti. Émerance anakuja kila Jumatano ya zamu yake, anasema "bonjour", anapanga foleni. Hatucheki pamoja. Sijamwomba aharakishe kunisamehe.

Na msidhani nimekuwa malaika. Wiki iliyopita nilimfokea mama mmoja aliyetoka Kasenga, akatoka na mtoto wake. Tofauti ni kwamba safari hii nilimkimbilia mpaka barabarani, watu wanasubiri, sindano iko mezani, nikamwomba arudi. Alirudi.

Muuguzi mwenzangu, uchovu wetu ni wa kweli, hakuna anayeupinga. Lakini ukiona mdomo umeanza kuchoka kuliko miguu, kaa dakika mbili, kunywa maji, ndipo uite mwingine.

Na wewe mama uliyefukuzwa mahali, rudi kesho na mtoto wako. Utukumbushe sura yako, maana sisi tunasahau.