Shikamoo Niliyoiacha Bila Jibu

Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, na nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua kuandika majina. Majina ndiyo kitu nilichojaliwa. Watoto wote waliozaliwa kitongoji chetu hapa Mazingara tangu nilipoolewa, nakutajia mmoja mmoja pamoja na jina la babu yake. Watu wakisahau wanakuja kuniuliza. Lakini katika haya ninayoandika sitaweka jina la mtu, na huko mbele nitasema kwa nini.

Mjukuu wangu nakaa naye tangu mama yake, binti yangu wa mwisho, alipofariki. Mwaka wa mambo haya alikuwa na miaka minne. Baba yake yuko machimboni, mbali. Mimi simu sina, kwa hiyo akitaka kutujulia hali anapiga kwa jirani yangu.

Basi mwaka ule zikaingia habari za watoto kuchukuliwa. Ziliingia kwa simu. Jirani alinisomea tukiwa uani tunapukuchua mahindi: wanakuja watu na kamera, wanapiga watoto picha, wakirudi mara ya pili wanarudi na gari. Tena wanakuja na jina la mzazi, ilisema ile meseji, maana mtoto akisikia jina la baba yake anafuata.

"Wako hata wakimchukua watamrudisha," jirani akaniambia. "Mumiani gani atahangaika na mtoto mwepesi kama kifaranga? Damu yake haijazi kikombe."

"Wewe wakikuchukua watakuja na pipa," nikamwambia.

Tulicheka sana. Lakini mimi nimekulia kambi ya mkonge kule Korogwe, baba yangu alikuwa mkata mkonge, na hizo habari za mumiani wanyonya damu ndizo tulizolazwa nazo. Tukiona gari tusilolijua tunalala chini katikati ya mkonge mpaka lipite, miiba inatuchoma na hatusemi. Nilipoolewa huku Handeni nilihama na ile hofu, kama mtu anavyohama na sufuria zake.

Siku yenyewe ilikuwa kama saa tano asubuhi. Nilikuwa napepeta mahindi, mtoto yuko kwenye pampu ya maji, si mbali, hata mguu wangu huu mbovu unafika. Nikainua macho nikaona mwanamume amechuchumaa mbele yake, kamera imemziba uso. Mtoto anacheka.

Nikaenda na ungo wangu mkononi. Aliponiona karibu alisimama, akashusha kamera. Umri wake kama wa mwanangu wa tatu, shati limepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo bibi."

Sikuitikia.

Kwetu mtu mzima haachi shikamoo ianguke chini. Hata kama humpendi aliyekusalimia, unaitikia kwanza, halafu ndiyo unamuuliza ametoka wapi na ni wa ukoo gani. Ukishaitikia, mmeshakuwa watu wawili mnaoongea. Nilijua hivyo tangu mdogo, na nikanyamaza.

"Bibi, nimetoka Mnyuzi. Nimetumwa na baba yake huyu mtoto." Akataja jina la mkwe wangu, na jina la baba wa mkwe wangu, yote mawili, bila kukosea.

Angekosea ningemuuliza maswali. Kwa kuwa alipatia, nikaona ndiye yule wa kwenye meseji. Nikatupa ungo nikapiga yowe.

Yowe kwetu haliulizwi. Anayelisikia anakimbia na kilichomo mkononi mwake, na yeye analipokea analipeleka mbele. Ndivyo tulivyookoana na moto, na chui, na wezi wa mifugo. Wakaja kutoka mashambani, wengine na majembe, wengine na fimbo. Hakuna aliyeniuliza, bibi kuna nini. Waliangalia mkono wangu umeelekea wapi.

Jirani alimbeba mtoto, akamfunika uso kwa kanga, akaondoka naye.

"Piga picha sasa," mmoja alikuwa anamwambia yule mgeni, kwa sauti ya upole kabisa, huku anampiga. "Cheka basi, utoke vizuri."

Kamera waliiponda kwa jiwe. Yeye hakupiga kelele. Alikuwa anataja jina la mkwe wangu, analirudia, analirudia, mpaka nikaanza kulisikia. Nikasema, "Basi, mwacheni." Ile sauti niliyopigia yowe sikuwa nayo tena. Aliyemwokoa ni mwalimu wa madrasa. Alimlalia juu na kanzu yake akawaambia wampige yeye kwanza. Hapo ndipo mikono ikashuka.

Simu ya jirani ilikuwa dukani inachajiwa tangu juzi yake. Ilipowashwa alasiri hiyo, mkwe wangu akapiga.

"Mama, mpiga picha amefika? Nina miaka miwili sijamwona mtoto. Nilitaka nione amekuaje."

Polisi walikuja kuuliza ni nani na nani. Kila mtu alikuwa shamba, hakuona. Walipofika kwangu niliwaambia mimi mzee, majina siyakumbuki. Nyuma yangu mtu akakohoa ili asicheke. Majina yote nilikuwa nayo na bado ninayo. Siyaandiki kwa sababu la kwanza kuandikwa lingekuwa langu, na siku ile hakuna hata mmoja aliyelitaja. Walinificha kama nilivyowaficha.

Ilipita miezi mitatu, nikamwomba mwalimu wa madrasa anipeleke Mnyuzi. Nilibeba jogoo na unga wa mahindi yale yale. Nyumba ya yule bwana iko ng'ambo ya reli. Mkewe alitoka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Jicho la kulia halikuwepo tena, na ndilo alilokuwa analiweka kwenye kamera. Hakunisalimia. Alisema tu, "Karibu ukae."

Nikakaa. Nilikuwa nimetoka Mazingara na marahaba yake mdomoni, njia nzima naisema kimoyomoyo ili safari hii isichelewe. Niliingoja shikamoo mpaka nikaona haiji.

"Nimekuja kuomba msamaha, mwanangu," nikasema. "Nilidhani mtoto anaibwa."

Aliendelea kumenya. "Kwa yowe sikukasirikii, bibi. Hata mama yangu angepiga." Akaweka kisu chini. "Ila nilikusalimia."

Mwalimu akatazama pembeni, kwenye reli.

Jogoo alipokelewa na mke. Tulipoaga, yule mama alituletea bahasha. Kamera ilikufa lakini kadi yake ndogo ilipona, mumewe akaenda Korogwe mjini kusafisha picha. "Apelekewe baba yake," akasema. "Alisema kazi aliyoagizwa lazima ifike." Mume hakuinuka.

Mwalimu aliipiga picha ile iliyokuwa ndani kwa simu yake akamtumia mkwe wangu. Yenyewe ninayo kwenye sanduku, katikati ya kanga. Mtoto anacheka, maji yanamwagika miguuni. Nyuma yake nimo mimi natokea kwenye mahindi, ungo mkononi, mdomo umefumbwa.

Sasa yuko darasa la pili, na siku ile haikumbuki. Wiki iliyopita aliitoa picha sandukuni akaja nayo jikoni.

"Bibi, huyu aliyepiga ni nani?"

"Mgeni."

Akaiangalia tena, akaniwekea kidole pale nilipo. "Na hapa unakuja kumsalimia."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hapo nakuja."