Kiti Kisichofunguka

Miguu yangu iligoma tangu utotoni, kwa hiyo kwenda sokoni Kasongo kuuza mawese ni shughuli ya magurudumu. Kiti changu cha kwanza alikiunda fundi baiskeli wa mtaani kwetu, kwa vyuma vya baiskeli zilizochakaa. Sura kilikuwa nayo mbaya, lakini kila kiungo kilishikwa kwa bolti, na spana moja ilitosha kukifungua chote.

Kisha wakaja wafadhili na kiti kipya cha plastiki inayong'aa. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na picha. Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Ubavuni kilibandikwa picha ya jani la kijani, na mgeni mmoja akaeleza kwamba kikifa kitayeyushwa kiwe kitu kingine. Kiwanda cha kukiyeyusha kiko wapi, hakusema. Labda kijijini Lusangi, katikati ya mihogo.

Kile cha zamani nikakigawa, maana kwetu chuma hakikai bure. Magurudumu akayachukua jirani, mnyororo ukaenda kwa shemeji, fremu ikarudi kwa fundi.

Mvua hazijaisha, beringi ya kiti kipya ikasagika. Kitu kidogo tu, sokoni kimejaa. Fundi akakipindua kiti, akakizunguka, akatafuta bolti. Wapi! Kila kitu kiligandishwa kwa gundi.

"Mama, hii haiko na mahali ya kufungulia," akasema. "Mwenye aliitengeneza hakuwaza kama itaharibika."

"Aliwaza," nikamjibu. "Aliwaza haitaharibikia kwake."

Basi mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaanza kwenda sokoni mgongoni mwa mwanangu, nikipitishwa mbele ya wateja wangu kama gunia. Niliona haya. Siku nyingine nilibaki nyumbani, nikalia kwa hasira.

Fundi ndiye aliyechoka kuniona hivyo. Akapita mtaani na spana yake. Jirani akafungua magurudumu. Shemeji akatoa mnyororo akinung'unika, kama kawaida yake. Kabla ya adhana ya alasiri nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha zamani, naendesha mwenyewe, na sikutaka mtu anisukume.

Wafadhili walirudi kuangalia zawadi yao. Walikikuta kiti uani, kuku analalia mayai juu yake.

"Iko muzima," nikawaambia, nikigeuza magurudumu kuelekea sokoni. "Hakuna mutu ameweza kuifungua."