Kinyozi wa Nyua na Kichaka cha Bondeni

Mtaa mzima ulimwita Kinyozi, ingawa hakuwahi kunyoa kichwa cha mtu. Alinyoa nyua. Miaka ishirini na miwili alipita nyumba kwa nyumba na mkasi wake wa mikono miwili, akipunguza vichaka vilivyopandwa kuzunguka nyumba badala ya seng'enge. Kichaka alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile chenye vishada vya maua ya njano na waridi. Kilistahimili kiangazi, mbuzi walikikwepa, na ukikikata leo, wiki ya tatu kimeshafumuka tena.

"Kingekua polepole," alizoea kusema, "ningekuwa nimeshafungasha virago."

Matawi aliyoyakata aliyapakia kwenye mkokoteni na kuyamwaga kwenye korongo la mwisho wa mtaa, pamoja na matunda yake madogo meusi. Kila mtu alimwaga taka pale.

Dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, alikaa bondeni, mwendo wa saa moja kwa miguu, na ng'ombe wake wanne. Mwaka mmoja mvua zilichelewa, na dada akatuma ujumbe: njoo, ng'ombe wanaumwa. Kinyozi alimkuta zizini na daktari wa mifugo, mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira. Ng'ombe mmoja alikuwa amekufa jana yake. Mwingine, yule mwekundu, alijibanza kivulini, macho yamegeuka manjano, ngozi ya pua inabanduka kama rangi ya ukuta uliozeeka.

"Amekula kichaka," daktari alisema. "Majani yamekwisha, na njaa haichagui."

"Kichaka gani?"

Dada akaonyesha kwa kidevu. "Si hicho hapo. Huku tunakiita Mgeni-Haagi. Kilikuja chenyewe, hakijaondoka."

Kinyozi akasogea, akachuma jani moja. Lilikwaruza kama ulimi wa paka. Alipolifikicha, harufu kali ikampanda puani. Akaviringisha shina kwa vidole: pembe nne, na vimiiba. Alipoinua macho aliona kimetambaa kutoka mdomo wa korongo hadi katikati ya malisho. Kilikuwa kichaka chake, na korongo lilikuwa lile lile linaloanzia mtaani kwake.

Jioni alirudi kwake. Chakula alikisukuma kando.

"Una nini?" mkewe aliuliza. "Umekaa kama mtu aliyemeza ufunguo."

Akamweleza. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi sina ng'ombe."

Asubuhi alishuka bondeni na sururu begani.

"Dada, hicho kichaka nimekileta mimi." Akamsimulia habari ya mkokoteni na korongo, bila kuficha.

Dada akageuka kukitazama kichaka. "Miaka yote hii nilidhani ni ndege."

"Ndege pia wamo. Wanakula matunda, wanaangusha mbegu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiwapakulia."

"Hata sijui nikupige au nikucheke. Ua wako, mdogo wangu, unaua kweli." Mwenyewe hakucheka. "Haya, usinililie hapa. Chimba."

Dada alikuwa ameshika panga. Kinyozi akamzuia.

"Ukikikata unakinyoa tu, na kunyoa nimenyoa mimi miaka ishirini. Kitarudi kinene zaidi."

Walianza kwa kuchuma matunda na kuyatia kwenye gunia ili yachomwe. Kisha alichimba kuzunguka shina na kung'oa kisiki na mizizi yake minene. Mchana dada alikaribia kung'oa kichaka kingine, Kinyozi akamzuia tena.

"Hicho kiache, ni mwenyeji. Shika shina: mviringo, halina miiba. Na jani lake halinuki."

Kuwashawishi wateja kulikuwa kazi ngumu zaidi. Kati ya nyumba kumi na tisa, saba tu zilikubali ua ung'olewe, na ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu, aliyemhoji kama mwanafunzi kabla ya kusema ndiyo. Wengine walimcheka. "Kinyozi anataka kututia upara!" mmoja alimwambia mbele ya majirani. Kwa waliokataa alianza kukata mapema, maua yakiwa bado hayajafunga matunda, na takataka akazichoma badala ya kuzimwaga. Kazi zilipungua, nyua mpya za mimea mingine alizopanda zilikua kwa kujivuta.

Mvua ziliponyesha, miche ilichipuka bondeni kama ndevu. Waliing'oa kwa mkono udongo ukiwa laini. Msimu uliofuata ilichipuka tena, wakaing'oa tena. Ng'ombe mwekundu alipona, akabaki na baka jeupe puani. Nyasi zilirudi nusu ya malisho. Upande wa korongoni kichaka bado kiliwashinda.

Kwa muda mrefu dada aliongea naye mambo ya kazi tu: shika hapa, vuta, lete gunia. Hakumkaribisha ndani. Mwaka wa tatu, Jumamosi moja, Kinyozi alifika mikono imechanikachanika kwa miiba. Dada akaingia nyumbani, akatoka na glavu alizozishona kwa jinzi kuukuu, akamtupia begani.

"Zinaweza kukubana," alisema. "Nilipima kwa mkono wangu."

Zilimbana kweli. Akazivaa, wakapanda kuelekea korongoni.